Jokofu Lililoitwa Mama Mkwe

Mkwe wangu, mume wa binti yangu wa pili, ni mtu ambaye hata akikuamkia vizuri unajiuliza kwanza kuna nini nyuma ya hiyo salamu. Kazini kwake wanamwita Kituko, na hilo jina hakupewa na adui. Siku ya kwanza alipokuja kwetu kujitambulisha alikaa kwenye kiti amenyooka kama mshumaa, anajibu "ndiyo mama" na "hapana mama", mpaka nikaenda jikoni kumwambia binti yangu kwamba Mungu amesikia, amepata kijana mtulivu. Binti yangu akaangalia pembeni. Walipoondoka, nikavaa ndala zangu nitoke uani, nikakuta zote mbili ni za mguu wa kushoto. Za kulia zote zilikuwa kwa mume wangu, naye alikuwa ameshazivaa, anatembea uani kama bata huku akilaumu uzee.

Basi huyo ndiye tuliyempa binti. Wanaishi vyumba viwili vya upande wa pili wa ua, na mimi chumba cha nyuma ni cha kazi yangu. Mimi ni dobi. Nafua na kupiga pasi makoti meupe ya wafanyakazi, mashuka ya wagonjwa, vitambaa vya meza vya watu wenye shughuli. Mkwe wangu anapenda kuja kukaa humo na kompyuta yake mapajani, kwenye kikapu cha nguo safi nilichomkataza mara nyingi. Anasema joto la pasi linamfungua akili.

Humo ndimo alimoniona ninavyofunga mafurushi. Nina utaratibu wangu. Nguo za mteja nazifunga ndani ya kitambaa kizito, asione mtu kilichomo, maana nguo za watu ni siri zao. Kwa nje naweka kitambulisho cha kitambaa chenye jina, kwa sababu mbebaji lazima asome aende wapi. Halafu uzi mmoja tu, nausokota mwenyewe kwa rangi mbili, unapita kwenye kitambulisho, unapita kwenye mdomo wa furushi, unarudi, naufunga kwa fundo langu. Kitambulisho na furushi vimeshikwa na uzi huohuo. Anayetaka kuchungulia ndani atakata uzi. Anayetaka kuhamisha jina la furushi hili kwenda furushi lile, naye atakata uzi. Na uzi ukikatwa, mteja wangu anajua asipokee.

Mkwe wangu alilitazama lile fundo kwa muda, akasema hicho ndicho anachokifanya kazini, ila yeye wanamlipa zaidi. Nikamrushia soksi.

Kazi yake ni kuandika programu. Wakati ule alikuwa na visanduku vidogo, kila kimoja sawa na kipande cha sabuni, vya kuweka ndani ya majokofu ya ghala la dawa anakofanya kazi, lilelile ninalolifulia makoti. Kisanduku kinapima ubaridi, kinatuma ujumbe kwenye kompyuta ya mtunza ghala, na hiyo inaupeleka kwenye kompyuta ya ofisi kuu. Dawa nyingine zikipata joto zinakufa bila kubadilika sura, kwa hiyo ni lazima ijulikane jokofu gani lilikuwa na ubaridi gani, bila mtu kuweza kudanganya katikati ya njia. Ndiyo maana ujumbe unafungwa, usisomeke, na unatiwa muhuri, usibadilishwe.

Nikamuuliza kama hayo makufuli anayatengeneza mwenyewe. Akasema hapana, mama, kufuli la kujitengenezea chumbani ndilo wezi wanaloliombea. Akanieleza kwamba ndani ya kila kompyuta, hata hiyo ya ukubwa wa sabuni, kuna programu kuu inayoamka kabla ya zote na kulala baada ya zote. Wao wanaiita kiini. Kiini ndicho kinachoshika kila kifaa cha humo, na ndani ya visanduku vile kulikuwa na kifaa cha kufunga siri tu, chenye nguvu kuliko chochote ambacho yeye angeandika. Programu yake hairuhusiwi kukigusa. Inachoweza ni kubisha hodi kwa kiini na kukabidhi mzigo. Kiini kinafunga, kinatia muhuri, kinarudisha.

"Kiini ni kama wewe, mama," akasema. "Wote tunakula, lakini hakuna anayetia mkono kwenye sufuria yako."

Nikaona hilo ni neno la heshima. Nilikuwa sijamjua vizuri.

Kubisha hodi kwenyewe kuna adabu zake. Unakabidhi kwanza jina la nje, lile ambalo halifungwi kwa sababu njiani linasomwa, kisha maneno ya siri. Unakiambia kiini jina linaishia wapi na siri inaanzia wapi. Na unaacha nafasi tupu mwishoni, pa kuweka muhuri. Siku ya kwanza alisahau hiyo nafasi, akashinda kwenye kikapu changu anasononeka, kwa sababu kiini hakina maelezo. Hakisemi umekosea hapa au pale. Kinasema hapana, basi. Na wakati wa kufungua ni vilevile: kinapewa jina, mzigo na muhuri kwa pamoja, kinavilinganisha. Vikipatana, unapewa siri yako. Herufi moja ikiwa imeguswa, hata kwenye lile jina la nje lililo wazi kwa kila mtu, hupewi kitu. Unaambiwa "ujumbe mbovu", na mlango unafungwa usoni pako.

Mpaka hapo mkwe wangu alikuwa mtu mzima mwenye kazi ya maana. Kisha akafika kwenye kuyapa majokofu majina.

Angeweza kuandika la kwanza, la pili, la tatu. Jokofu lililonguruma kutwa nzima akaliita Shangazi. Lililochukua muda mrefu kupoa kila likiambiwa lipoe akaliita Baba Mdogo. Lile lililofunguliwa kila wakati, kila mtu anachukua chake, akaliita Shemeji. Likabaki la nne, la chanjo, lenye ubaridi wa kutisha na kengele inayolia mlango ukiachwa wazi. Hilo akaliita Mama Mkwe.

Mimi sikujua. Nilikuwa naingia ghala lile kila wiki kupeleka makoti, nasalimiwa kwa heshima, naulizwa habari za nyumbani, na wote kuanzia mlinzi walikuwa wanajua mimi ni jokofu.

Mtunza ghala wa pale ni mama mmoja mnene, mcheshi, tunayemwita Mama Funguo kwa sababu funguo zake unazisikia kabla hujamwona. Ndiye anayepokea mafurushi yangu. Anasimama kwenye korido, anasoma kitambulisho kama kilivyoandikwa, anaita kwa sauti, na mwenyewe lazima aitikie ndipo apewe koti. Ananipenda kama mama yake, na ananiita mama ingawa sijamzidi sana.

Siku moja Kituko akarudi nyumbani bila kituko. Binti yangu akaja kuniambia kwamba mambo kazini yameharibika. Majokofu matatu yalikuwa yanatuma ujumbe vizuri, lakini la chanjo, kila ujumbe wake ukifika ofisi kuu unakataliwa. Ujumbe mbovu. Ujumbe mbovu. Chanjo zenyewe zilikuwa salama, kipimajoto cha mlangoni kilionyesha, lakini wakaguzi walikuwa wanakuja Ijumaa, na wakaguzi hawataki kuambiwa, wanataka rekodi isiyokatika. Mkuu wa ghala alikuwa amemwita na kumwambia wazi: Ijumaa ikifika jokofu lile halijasema, visanduku vitatolewa vyote, na yeye atatoka navyo.

Kibaya zaidi, mkuu hakuamini kwamba ni hitilafu. Kwa nini aamini? Huyu huyu ndiye aliyemwekea kwenye kompyuta sauti ya kikohozi iliyosikika kila akifungua barua ya wakubwa wake, mpaka akaenda kupimwa kifua. Sasa majokofu matatu yanaongea na moja limenuna, na lililonuna ndilo lenye jina la mama mkwe. Mkuu alimwambia kwamba mzaha huu umepita kipimo na aumalize. Mkwe wangu akaapa. Mkuu akamjibu kwamba amezoea viapo vyake.

Basi akakaa mezani kwetu na kisanduku cha akiba chenye jina lilelile, akakitumbukiza ndani ya mfuko wa nailoni kwenye bilauri ya barafu, akakiacha kitume ujumbe kwenye kompyuta yake. Ukafunguka. Akatuma tena, ukafunguka. Akapitia nafasi ya muhuri, urefu wa jina, kila alichokikabidhi kiini. Vyote sawa. Nyumbani unafunguka, kazini unakataliwa, kwa hiyo kuna kitu kinauguza ujumbe njiani. Lakini kitu gani hakujua, na kosa hilo lilikuwa lake mwenyewe: programu yake ya ofisi kuu aliiamuru kwamba kilichokataliwa kitupwe palepale, kisisomwe wala kutazamwa. Alikuwa ameona ni uangalifu. Kwa hiyo hakuwa na hata ujumbe mmoja mbovu wa kuangalia usoni.

Alikuwa ameshamuuliza Mama Funguo kama kuna aliyegusa kitu kwenye kompyuta yake. Mama Funguo akamjibu kwamba hakuna kilichoharibika.

"Mama," akaniambia, "kesho unapeleka makoti. Nitakubebea furushi. Ukiwa umesimama pale, na ukisema tu kwamba umeniona nikihangaika na hii bilauri, mkuu atasikia. Mimi nikisema mvua inanyesha wanatoka nje kuhakikisha."

Nikamwambia nitasema nilichokiona, wala sitaongeza. Akasema hicho ndicho anachokitaka, na akanibusu mkono, jambo lililonitia wasiwasi kuliko mengine yote.

Kesho yake tukaenda. Ghala lina mlango mzito wenye mpira pembeni, ukifunguka unapumua. Ndani baridi, taa nyeupe, majokofu yamejipanga ukutani, yananguruma. Mkuu alikuwepo, mikono nyuma. Mama Funguo alikuwa kwenye meza yake mbele ya skrini. Nilipoingia tu, nikaona wote wamenyooka. Mama Funguo akaacha kutafuna. Mkuu aliyekuwa ameanza kusema "hilo la Mama..." akakohoa, kikohozi cha kweli safari hii, akamalizia kwa kuniuliza habari za asubuhi.

Nikamweleza mkuu habari ya bilauri, barafu na kijana asiyelala. Mkuu ni mtu mzima, anaheshimu watu. Akanisikiliza mpaka mwisho, akasema hawezi kunibishia mimi, ila wakaguzi hawatakula ushahidi wa bilauri. Mkwe wangu akamgeukia Mama Funguo, akamuuliza tena, safari hii kwa upole sana, kama kuna chochote, kidogo vipi, kilichobadilika. Mama Funguo akanitazama mimi. Akatazama sakafu. Akasema kila kitu kiko pahali pake pazuri.

Nikashangaa kwa nini ananitazama mimi. Nikasogea, nikavaa miwani, nikasoma skrini yake, si kwa ujuzi wowote, ni kwa sababu sikuwa na la kufanya. Shangazi, nyuzi saba. Baba Mdogo, nyuzi sita. Shemeji, nyuzi tano. Nikacheka kidogo, Mungu anisamehe, maana nilimjua mwenye kuandika. Chini kabisa kukawa na "Jokofu la Chanjo", na mbele yake alama nyekundu.

Nikauliza, "Na huyu wa nne, mbona mmemtenga na ukoo?"

Hata Shangazi nadhani lilipunguza kunguruma. Mkwe wangu alikuja mbio kwenye ile skrini ambayo kumbe siku zote hizo hakuwa ameitazama, kwa sababu yake ilikuwa ile ya ofisi kuu. Akasoma. Akamtazama Mama Funguo. Mama Funguo akaanza kuhesabu funguo zake kama vile moja imepotea.

Mimi sikuelewa, lakini yeye alikuwa ameelewa yote. Jina la nje lilikuwa limebadilishwa pale mezani. Kompyuta ya mtunza ghala ilikuwa na mahali pa kuandika jina jipya badala ya la zamani, na fundi aliyeitengeneza hakufikiri mbali: ililifuta jina la nje la ujumbe wenyewe na kuandika jipya kabla ya kuupeleka mbele. Ujumbe unafika ofisi kuu una jina jingine na muhuri uleule. Kiini kinalinganisha, kinaona uzi umekatwa, kinasema hapana. Kilikuwa kinafanya kazi yake sawasawa wakati wote.

Sasa alichotakiwa ni kueleza tu. Lakini kueleza maana yake ni kusema jina la zamani lilikuwa lipi, na mwenye jina nilikuwa nimesimama pale na miwani yangu. Nilimwona akinitazama, akamtazama mkuu, akautazama mlango. Mkuu akamwambia kama ana la kusema, aseme.

"Mama," akasema, "lile jokofu lilikuwa linaitwa Mama Mkwe."

Mama Funguo akajifunika uso kwa kiganja. Kisha akaongea kwa haraka, karibu kulia, kwamba yeye ndiye aliyebadilisha. Shangazi na Baba Mdogo hawafiki pale, acha wachekwe. Lakini mama anakuja kila wiki, anasimama hapohapo, ana macho yake, siku atakayosoma atajisikiaje? Mama mkwe wa mtu hawekwi kwenye ukuta na alama za ubaridi. Akaona afute kimya kimya, kama mtu anavyobandika karatasi safi juu ya chafu. Na alipoulizwa hakuweza kusema alichofanya bila kunitamkia mimi jina, ndipo akasema hakuna kilichoharibika. Kwa macho yake hakuna kilichoharibika, kuna kilichosafishwa.

Kwa hiyo kijana wangu alikuwa anafukuzwa kazi kwa sababu mtu mmoja alikuwa na adabu kwangu, na mwenyewe hakuwa nayo.

Nikavua miwani. Nikamuuliza swali moja tu: kwa nini mimi ni hilo.

Akanyooka kama mshumaa, kama siku ile ya kwanza. "Kwa sababu ni la chanjo, mama. Ndilo tunaloweka vitu vya watoto. Na halijawahi kukosea."

"Na ubaridi?"

"Ubaridi ndiyo kazi yake, mama."

Mkuu wa ghala akageukia ukuta, mabega yanatikisika. Nikamwambia Mama Funguo arudishe jina langu. Aliniuliza mara mbili kama nina hakika. Akaandika herufi moja moja, kwa heshima, na tukasubiri mbele ya skrini. Alama nyekundu ikabaki. Halafu ikawa kijani, na nyuma yake zikaanza kuingia jumbe za siku zote zilizopita, moja baada ya nyingine, kwa sababu kile kisanduku kina tabia moja nzuri: ujumbe ambao haujapata jibu hakiutupi, kinautunza na kuutuma tena. Mama Mkwe, nyuzi nne. Mama Mkwe, nyuzi nne. Mama Mkwe, nyuzi nne. Skrini nzima mimi.

Mkuu akauliza kama sasa, kwa utaratibu, jina linaweza kubadilishwa kabla ya Ijumaa. Mkwe wangu akasema inawezekana, ila ianzie ndani ya kisanduku chenyewe, na hapo rekodi itaanza upya, na wakaguzi wanataka isiyokatika. Aliyasema hayo kwa uso mtulivu sana. Nilimjua.

Ijumaa sikuwepo, nimesimuliwa. Mkuu alisimama mbele ya wakaguzi akasoma kwa sauti, bila kucheka, kwamba Mama Mkwe hakupanda joto hata mara moja. Mkaguzi mmoja akaandika, akasema angependa na wa kwake awe hivyo. Visanduku vikabaki, na kijana akabaki navyo.

Nyumbani nilimsamehe, maana nimeagizwa kusamehe. Lakini nilimuuliza binti yangu kama ile habari ya kutokukosea ni kweli. Binti yangu akaangalia pembeni. Kisha akaniambia ni kwa ajili ya ile kengele. Ukiacha mlango wa jokofu lile wazi kidogo tu, linapiga kelele mpaka urudi kuufunga, na mume wake anasema kila likilia anatafuta nzi.

Ni kweli nawaambia wafunge mlango. Nzi wanaingia.

Wiki iliyofuata nikafunga makoti ya ghala. La mkwe wangu nililipiga pasi vizuri kuliko yote, nikalifungia furushi lake peke yake, nikaandika kitambulisho kwa herufi kubwa, na uzi nikaupitisha mara mbili. Nikapeleka mwenyewe. Mama Funguo akaanza kuita kwenye korido, kila mtu anaitikia, anachukua chake. Alipofika kwenye lile akasoma kimya, akafungua droo, akatoa mkasi. Nikamtazama. Akautazama ule uzi wangu wa rangi mbili, akaurudisha mkasi kwenye droo polepole, akaifunga.

Halafu akavuta pumzi na kuita, sauti ikafika mpaka getini:

"Kipenzi cha Mama Mkwe!"

Mkuu alichungulia kutoka ofisini kwake. Kijana alikuwa na siku nzima ya kazi mbele yake kwenye baridi ile, bila koti.

Akaitikia.